Ubao Mweusi na Skrini ya Rangi

Ukisimama juu ya kilima karibu na mji wa Kitui alfajiri ya siku isiyo na mawingu, ukatazama upande wa kaskazini, huenda ukabahatika kuona kitu cheupe mbali sana, pale mbingu na nchi zinapokutana. Huo ni Mlima Kenya, nao u mbali nawe zaidi ya kilomita 100. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona akiwa katika nchi hiyo ya Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Wakamba waliuita Kiinyaa, na wengi hueleza kwamba jina hilo latokana na nyaa, yaani mbuni. Mbuni dume ana manyoya meusi na mengine meupe. Mlima nao una mawe meusi na theluji nyeupe. Kwa jina hilo, lililogeuzwa kidogo na ulimi wa mgeni, nchi yetu nzima yaitwa Kenya.

Naanza kwa habari hiyo kwa sababu yahusu jicho. Mlima ule una misitu ya kijani iliyoenea pande zote, tena mikubwa kuliko theluji yake. Lakini jicho la mtu aliyekuwa Kitui halikuuona msitu. Liliona weupe kando ya weusi, na katika hao mlima ukapata jina. Jambo linalotakiwa lionekane kwa mbali, na kufahamika mara moja, lahitaji tofauti kubwa baina ya mwanga na giza. Walimu walijifunza hayo polepole kwa miaka mingi mbele ya ubao. Kisha kompyuta ilipoingia darasani na rangi zake wakayasahau, ikawabidi wajifunze upya. Historia hiyo ndiyo nitakayokusimulia, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe, ambalo sitalificha.

Kabla ya kompyuta palikuwa na ubao. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mtoto aliandikiwa aya juu ya ubao wa mti kwa kalamu ya tete na wino. Alipokwisha kuhifadhi, ubao ulioshwa kwa maji ukawa tayari kwa somo jingine. Tazama jinsi kifaa hicho kilivyokuwa na mambo machache: ubao mmoja, wino mmoja, maneno ya kutosha siku moja, wala hapakuwa na nafasi ya pambo. Huko Ulaya nako kila mwanafunzi alikuwa na kibao chake kidogo cha jiwe, na mwalimu hakuwa na njia nyepesi ya kuwaonyesha watoto wote jambo moja kwa wakati mmoja. Ubao mkubwa wa ukutani ulianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 19. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, mwalimu wa hesabu George Baron aliutumia mwaka wa 1801. Mjini Edinburgh, Uskoti, James Pillans, aliyekuwa mkuu wa shule huko tangu mwaka wa 1810 hadi 1820, alifundisha jiografia kwa ubao kama huo, na yasemekana alichora ramani juu yake kwa chaki za rangi. Usiisahau ramani hiyo ya rangi, maana tutakutana na nduguye huku kwetu Ukambani.

Mimi nilisoma shule ya msingi katika wilaya ya Makueni, kabla haijawa kaunti. Ubao wetu ulikuwa sehemu ya ukuta iliyopigwa lipu ikapakwa weusi, na weusi ulipofifia sisi watoto tulitwanga makaa pamoja na majani mabichi, tukausugua Ijumaa jioni hata viganja vikawa kama vya wachoma makaa. Kazi hiyo haikutupendeza, lakini ilitufundisha jambo: Jumatatu asubuhi herufi ya mwalimu iliruka kutoka ukutani. Chaki nyeupe zilikuwapo siku zote. Chaki za rangi zilikuwa chache, nazo zilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo mwalimu wetu alipojaliwa kipande kimoja chekundu hakukichezea. Alikiweka mfukoni, na kilipotoka tulijua ya kuwa jambo kubwa li karibu. Alikitumia kupigia mstari chini ya silabi moja tu, au kuonyesha tarakimu iliyochukuliwa katika hesabu ya kujumlisha. Hata leo nikiifikiri ile hesabu naiona tarakimu ile nyekundu. Kama angeandika ubao mzima kwa chaki nyekundu nisingekumbuka kitu.

Lugha yetu yenyewe yaonyesha kwamba rangi hazina nguvu sawa machoni pa watu. Katika Kiswahili rangi zilizo sifa kamili, zenye kuchukua viambishi vya ngeli, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, mti mweusi, kitabu chekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziazima kutoka vitu: kijani ni jani, manjano ni ile binzari ya mchuzini, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu, na samawati ni neno la Kiarabu la mbingu. Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha lugha nyingi za dunia, na mwaka wa 1969 wakaandika kwamba lugha zenye majina machache ya rangi huanza kwa nyeupe na nyeusi, kisha hufuata nyekundu. Na ukienda harusini pwani utaona kisutu, ile leso ya zamani ya bibi harusi, nayo ni ya rangi hizo hizo tatu.

Maadamu nimeitaja leso, ngoja niseme neno moja juu yake, kwa maana sijaona kielelezo kizuri kuliko hicho cha kupanga ukurasa au skrini. Leso ina pindo, ambalo huzunguka pande zote nne na kuliambia jicho mahali nguo inapokoma. Ina mji, yaani sehemu ya katikati, wenye pambo kubwa moja au pambo dogo lililokaririwa. Kisha ina jina, maneno machache yaliyoandikwa mstari mmoja mahali pamoja siku zote, upande wa chini wa mji. Mnunuzi katika soko la Wote au la Mwingi hahangaiki kutafuta jina liko wapi. Angalia basi: mipaka dhahiri, jambo moja katikati, maneno machache mahali pasipobadilika. Waliotunga leso hawakusoma vitabu vya kupanga skrini, lakini vitabu hivyo vilipoandikwa vilisema karibu maneno hayo hayo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka wa 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianza mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Mara ya kwanza mwanafunzi alikaa mbele ya televisheni, somo likaonekana hapo, naye akajibu kwa kubofya vitufe. Taabu ilikuwa kwamba picha ya televisheni ya namna ile hufifia upesi, na ili ibaki ilibidi kompyuta iikumbuke na kuichora tena na tena bila kukoma. Na kumbukumbu ya kompyuta siku zile ilikuwa ghali mno. Ndipo mwaka wa 1964 Bitzer, pamoja na Gene Slottow na Robert Willson, wakabuni skrini ya namna nyingine. Ilikuwa ni vioo viwili bapa vilivyotiwa gesi katikati, na kitone kilichokwisha kuwashwa kiliendelea kuwaka chenyewe mpaka kizimwe. Skrini hiyo ilitumika katika PLATO ya nne mwaka wa 1972. Ilikuwa na vitone 512 kwenda upana na 512 kwenda juu, na mwanafunzi aliweza kuigusa kwa kidole akajibu swali, kwa kuwa uso wake uligawanywa miraba 16 kwa 16. Wewe unayegusa simu leo ukidhani ni jambo la juzi, fahamu kwamba wanafunzi wa Illinois waligusa skrini zao zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Lakini rangi yake ilikuwa gani? Ilikuwa ya machungwa, na hiyo peke yake, juu ya weusi. Kwa nini rangi ya machungwa? Je, walimu walifanya shauri wakaona inafaa? La, hasha. Gesi iliyotiwa ndani ilikuwa hasa neoni, na neoni ikipitishwa umeme huwaka rangi hiyo. Rangi ya kwanza ya somo la kompyuta ilichaguliwa na gesi! Hali kadhalika skrini nyingi za kompyuta za miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ziliandika kwa kijani juu ya weusi, kwa sababu unga uliopakwa nyuma ya kioo ulikuwa wa namna iwakayo kijani na kukawia kufifia, ili herufi zisitetemeke machoni. Mwanafunzi hakuulizwa.

Hata hivyo, umaskini huo wa rangi ulileta faida, kama vile uhaba wa chaki nyekundu ulivyoleta faida kwetu Makueni. Mwalimu aliyetunga somo la PLATO, kwa lugha ya kompyuta iitwayo TUTOR iliyoanza mwaka wa 1967, hakuwa na rangi ya kujificha nyuma yake. Akitaka kuonyesha jambo kubwa ilimpasa aliandike kwa herufi kubwa, au aliache peke yake katikati ya nafasi tupu, au alichoree mshale. Akitaka mwanafunzi asichanganyikiwe ilimpasa aseme jambo moja, angoje jibu, kisha afute na kuendelea. Huo ulikuwa ni ubao wa chuoni tena: andika, hifadhi, osha.

Kisha rangi zikaja. Mwaka wa 1977 kompyuta ya Apple II iliuzwa nayo ikionyesha rangi. Mwaka wa 1981 ikafuata ya IBM. Ukitaka kuchora picha kwa rangi katika kompyuta hiyo ya IBM ulipewa rangi nne kwa wakati mmoja, na mara nyingi zilikuwa ni samawati kali, waridi kali, nyeupe na nyeusi. Msomaji, jaribu kuwaza ramani ya Afrika, au moyo wa mwanadamu, kwa rangi hizo. Watu walichora hivyo hivyo, kwa kuwa ndizo zilizokuwapo. Baadaye zikapatikana rangi 16, kisha 256, kisha mamilioni, na hapo likatokea lile litokealo mtu maskini anapopata fedha kwa ghafula. Masomo yalijaa vichwa vyekundu juu ya samawati, maneno ya manjano juu ya weupe, nyota zinazomeremeta, na picha za wanyama wanaochekacheka bila sababu pembeni mwa hesabu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Haki yake isemwe pia: wako waliokwenda njia nyingine. Mwaka wa 1973 watu wa kampuni ya Xerox huko California walitengeneza kompyuta ya majaribio iitwayo Alto, yenye skrini iliyosimama wima kama karatasi, ikiandika weusi juu ya weupe. Mwaka wa 1984 Macintosh ilifuata nyayo hizo. Tangu hapo ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi ukawa desturi ya kompyuta nyingi, na watoto wakasoma skrini kama walivyosoma kitabu.

Wakati huo huo wataalamu wa elimu ya nafsi walikuwa wakipima uwezo wa akili. Mwaka wa 1956 George Miller alikuwa ameonyesha kwamba mtu hawezi kushika kwa pamoja akilini ila vitu vichache, karibu saba. Mwaka wa 1988 John Sweller wa Australia alieleza kwamba akili ya mwanafunzi hubeba mzigo, na mzigo usiohusu somo hula nguvu ambayo ingelitumika kujifunza. Yeye na mwenzake Paul Chandler walionyesha pia jambo dogo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua: ukichora mchoro ukaandika namba juu yake, kisha maelezo ya namba hizo ukayaweka chini, mwanafunzi huchoka kwa kupandisha na kushusha macho kabla hajafahamu kitu. Andika jina la sehemu juu ya sehemu yenyewe. Wengi wenu mmepata kuona michoro ya ua au ya figo yenye herufi kutoka A hadi H. Katika mtihani michoro hiyo yafaa. Katika kufundisha ni adhabu.

Tena ikafikiriwa namna ya kupima tofauti ya mwanga. Shirika linalotunga kanuni za mtandao wa dunia, lililotoa kanuni zake za kwanza za kuwasaidia wenye udhaifu wa macho na wa viungo vingine mwaka wa 1999, lilitoa nyingine mwaka wa 2008 zenye hesabu. Kwa hesabu hiyo, weusi kabisa juu ya weupe kabisa ni 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1. Nyekundu kali juu ya samawati iliyokolea, ile iliyopendwa sana na watu wa slaidi, haifiki kiwango hicho. Manjano kali juu ya weupe ni 1 na chembe tu, yaani ni kama hukuandika. Na kanuni hizo zaongeza sharti jingine: rangi isiachwe iwe njia ya pekee ya kueleza jambo.

Sababu ya sharti hilo ni ya zamani kuliko kompyuta, na aliyetujulisha alikuwa mwalimu. John Dalton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1766, akaanza kufundisha shule akiwa mtoto wa miaka 12. Ninyi mwamjua katika somo la kemia kwa habari za atomu. Mwaka wa 1792 alitazama ua fulani mchana akaliona la samawati. Usiku akalitazama kwa mwanga wa mshumaa, akashangaa kuliona jekundu. Rafiki zake walimwambia kwamba ua halikubadilika hata kidogo, ila nduguye aliona sawasawa na yeye. Mwaka wa 1794 akasoma habari hizo mbele ya wenye elimu wa Manchester. Alidhani maji ya ndani ya macho yake yana rangi ya samawati, akaagiza kwamba akifa yachunguzwe. Alipofariki mwaka wa 1844 yalichunguzwa, yakaonekana safi kama ya watu wengine. Vipande vya macho yale vilihifadhiwa, na mwaka wa 1995 wanasayansi wakapima chembe za urithi zilizokuwamo, wakaona kwamba alikosa ile inayoliwezesha jicho kupokea mwanga wa kijani. Miaka 151 baada ya kufa, Dalton alipata jibu lake.

Upungufu huo ni wa urithi, na huwapata wanaume zaidi ya wanawake. Kwa watu wa Ulaya ya kaskazini mwanamume mmoja kati ya 12 anao. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Mtu wa namna hii si kipofu, wala haoni dunia yote kijivu. Aona vema, asoma vema, ila nyekundu fulani na kijani fulani kwake ni rangi moja. Tena aweza kufika utu uzima asijue, kwa kuwa hajapata kuona kwa macho ya mwingine.

Sasa turudi Ukambani. Mwaka wa 2013 wagombea wa muungano wa Jubilee waliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya mivutano juu ya zabuni, mpango ulianza mwaka wa 2016, si kwa kompyuta kubwa bali kwa tableti, ambazo siku hizi wengi huziita vishikwambi, kwanza katika shule 150 za majaribio. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na makampuni ya ng'ambo, ndivyo vilivyopewa kazi ya kuvileta vifaa, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikatayarisha masomo. Katika miaka michache vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule zaidi ya 20,000 nchini, za Kitui na Makueni zikiwamo, na shule zilizo mbali na nyaya zikatiwa umeme wa jua. Halafu Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule zote, na skrini ikawa ndiyo darasa kwa aliyekuwa nayo. Asiyekuwa nayo alichunga mbuzi. Na katika mwaka wa 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha kwa mtandao, kilipewa hati yake, na makao yake yakawekwa Konza, katika ardhi ya Malili kwenye mpaka wa Makueni, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa.

Basi skrini imefika kwetu. Lakini imefika mahali penye jua. Mwanga wa jua la mchana hufika vipimo 100,000 hivi vya luksi, hali chumba cha ofisi yenye taa nzuri hutosheka na 500. Darasa la Kitui lina madirisha mapana, mengi hayana vioo, na nje ni mchanga mweupe na mabati yanayomeremeta. Mwanga huo ukiangukia skrini huongezeka juu ya mwanga wa skrini yenyewe, na weusi wa skrini hugeuka kijivu. Somo lililopendeza usiku mezani kwa aliyelitunga, Nairobi au Lizibon, lafika Mutomo adhuhuri likiwa limechujuka kama leso iliyofuliwa miaka kumi. Ongeza vumbi jekundu juu ya kioo. Hapo maneno ya kijivu hafifu juu ya weupe hayasomeki kabisa. Nimeona watoto watano wakifunika tableti moja kwa sweta, wakaingiza vichwa vyao ndani, ili wasome.

Sasa kosa langu. Kabla sijahamia chuo cha ualimu ninapofundisha sasa, nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari upande wa mashariki wa Kitui. Shule ilipata projekta, nami nilijiona fundi. Usiku mmoja nilitengeneza ramani ya mvua ya Kenya kwa kompyuta: sehemu zenye mvua nyingi nilizipaka kijani, zenye ukame nikazipaka nyekundu iliyofifia kidogo, na chini pembeni nikaweka ufunguo wa rangi. Majina sikuyaandika, nisije nikaharibu uzuri wake. Kesho yake nikamwita mvulana mmoja wa kidato cha pili, mpole, mwenye bidii, nikamwuliza ramani yasema nini juu ya Kitui na Kakamega.

Akatazama kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, Kitui yapata mvua sawa na Kakamega."

Darasa lote likacheka. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu nyingi za Kitui hazipati hata nusu yake. Nikamwuliza, "Nyumbani kwenu maji huchotwa wapi?"

"Mtoni, Mwalimu. Twafukua mchanga."

"Na bado wasema mvua ni nyingi?"

"Nasema kama isemavyo ramani, Mwalimu."

Nilidhani ni ujeuri. Nikamsimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele ikalia. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika somo langu, nami nikaandika katika daftari langu kwamba hana bidii. Sikujiuliza swali lililokuwa wazi: mtoto ambaye tangu utoto amefukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, awezaje kukosa kujua ukame? Yeye ndiye aliyeujua kuliko mimi niliyeupaka rangi.

Muhula ulipita. Januari, wakati wa maembe, nilikutana naye sokoni akimsaidia mama yake kupanga bidhaa. Nikataka kununua maembe mabivu. Aliyabonyeza moja moja kwa kidole gumba, akayanusa karibu na kikonyo, ndipo akanipa. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mengine yaonekana yameiva hata bila kunuswa. Mama yake akacheka, akasema, "Huyu, Mwalimu, tangu mdogo hajui kuchagua embe kwa macho. Ukimtuma mtini huleta mabichi na mabivu pamoja. Nduguze walimcheka mpaka akajifunza kunusa."

Nililipa fedha, nikaenda zangu, lakini sikulala vema. Jumatatu nilimwita ofisini nikamwonyesha chaki mbili, ya kijani na nyekundu. Akazitazama, akanitazama mimi, akaniambia ya kwamba moja imechakaa kidogo. Kisha nikafungua ile ramani yangu, nikaigeuza kwa kompyuta iwe picha isiyo na rangi, kama picha za zamani. Kitui na Kakamega zikawa kijivu kimoja. Nilikuwa nimechora ramani iliyosema kweli kwa wenye macho kama yangu, na uongo kwa wengine; naye aliisoma sawasawa kama ilivyoandikwa kwake.

Nilimwomba radhi hapo ofisini, na asubuhi yake nikamwomba tena mbele ya darasa, maana ndipo nilipomwaibisha. Kisha nikaketi kuchora upya. Nilitumia samawati peke yake, iliyokolea sana penye mvua nyingi na nyepesi sana penye ukame. Sehemu kavu nikazitia mistari ya mshazari. Ufunguo wa pembeni nikauondoa, nikaandika majina na milimita juu ya mahali penyewe kwa herufi nyeusi nene, na mpaka wa nchi nikaukoza kama pindo la leso. Haikupendeza kama ile ya kwanza, nakiri. Nikaijaribu saa saba mchana madirisha yakiwa wazi, nikisimama nyuma kabisa, pale nilipomsimamisha yeye.

Juma lililofuata niliionyesha darasani. Mvulana yule aliitazama muda mrefu, kisha akanyosha mkono, mara ya kwanza tangu muhula uliopita.

"Mwalimu, umeibadilisha kwa ajili yangu?"

Nikamjibu kwamba nimeibadilisha kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na kosa. Akaitazama tena, akasema kwamba hata hii ina kosa, maana Garissa sikuiandika jina.